Kidonge na Ushindi

Je, ni haki kumpa kijana mwenye saratani mchezo wa kompyuta ambao ndani yake saratani hupigwa risasi ikafa? Zamani niliona ni kumdanganya. Aliyefundishwa kwamba ugonjwa ni vita, siku akizidiwa atajiona ameshindwa kwa uzembe wake.

Nilibadili nusu ya wazo hilo niliposoma habari za Re-Mission, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 2006. Roboti mdogo aitwaye Roxxi husafiri mwilini akipambana na seli za saratani. Mgonjwa akiruka dozi, silaha ya Roxxi haifanyi kazi ipasavyo. Utafiti wa wagonjwa 375 wenye miaka 13 hadi 29, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa waliopewa mchezo huo walizifuata dawa zao za kumeza vizuri kuliko wenzao.

Basi ukweli wa mchezo huo umo katika kidonge, si katika ushindi. Kidonge kimo mkononi mwa mgonjwa, kupona hakumo. Mtunzi asipoyatenganisha mawili hayo, humtwisha mtoto hatia juu ya maradhi. Kijana aliyemeza dawa zake zote, kisha akafariki, hakushindwa.