Akufukuzaye Hakwambii Toka

Chukulia umepewa funguo za ofisi. Wewe sasa ndiye msimamizi wa timu ya futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka. Kwotabeki wako, yule anayeshika mpira na kuamua uende kwa nani, ni mzuri. Kandarasi yake inaisha Machi. Ukimbadilisha leo na timu nyingine, utapata kitu. Ukingoja, anaweza kubeba begi lake akaenda zake, nawe ubaki mikono mitupu. Utafanyaje?

Mashabiki wengi hawakosi usingizi kwa swali hili. Muuze! Moja shika, si kumi nenda uje. Na kusema kweli, ukilitazama kama hesabu tu, hawajakosea. Lakini kuna swali lingine chini ya hilo: unapomuuza mtu ambaye miezi michache tu ijayo atakuwa huru, unauza nini hasa? Na hicho unachouza, ni chako?

Soka imetuzoesha biashara hii, ila kwa sheria tofauti. Juni 2016 Victor Wanyama alitoka Southampton kwenda Tottenham kwa takriban pauni milioni 11, kandarasi yake ikiwa imebakisha mwaka mmoja. Southampton walijua kwamba wakingoja mwaka uishe atawaponyoka bure. Wakauza, na sisi huku tukashangilia. Lakini angalia jambo moja: Wanyama hangeweza kuhama bila yeye mwenyewe kukubaliana na Tottenham na kutia sahihi. Kule Marekani si hivyo. Timu mbili zikishapatana, kandarasi inahama, na mwenye kandarasi anahama nayo. Labda awe na kifungu cha kumlinda, na walio nacho ni wachache. Wengine hupigiwa simu tu: kuanzia leo wewe ni wa mji mwingine. Malipo yenyewe mara nyingi si pesa. Ni mchezaji mwingine, au nafasi ya kuchagua kijana katika drafti, ule mgao wa kila mwaka wa wachezaji wanaotoka vyuoni.

Kuna mtu aliyekataa simu hiyo. Mwaka 1969 mchezaji wa besiboli Curt Flood aliambiwa kwamba St. Louis wamempeleka Philadelphia. Akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu Zaidi ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa. Alikuwa analipwa vizuri, na watu walimuuliza analia nini. Lakini hoja yake haikuwa mshahara. Mtumwa anayelishwa nyama kila siku bado ana mwenyewe.

Futiboli ya Marekani ilichelewa zaidi. Ni mwaka 1993, baada ya wachezaji kupigana mahakamani, ndipo mchezaji aliyemaliza kandarasi na kutumikia miaka ya kutosha alipopata haki ya kwenda anakotaka. Haki hiyo ilikuja na kamba mguuni. Kila timu iliruhusiwa kuchagua mchezaji mmoja kila mwaka na kumbandika kile wanachokiita tagi: anabaki mwaka mmoja zaidi, kwa mshahara uliopangwa na kanuni. Ni mshahara mnono, sikatai. Ila ni wa mwaka mmoja, katika mchezo ambao goti linaweza kukatika Jumapili yoyote.

Hapo ndipo anapoingia Kirk Cousins. Washington walimchukua mwaka 2012 katika raundi ya nne ya drafti. Mwaka huohuo, timu hiyohiyo ilikuwa imemchukua kwotabeki mwingine, Robert Griffin III, akiwa wa pili katika drafti nzima. Cousins alikuwa spea. Mambo yakageuka, na msimu wa 2015 yeye ndiye aliyewapeleka Washington hadi ubingwa wa kundi lao. Kandarasi yake ikaisha. Wangempa ya miaka mingi, au wangemwacha aende. Wakambandika tagi, karibu dola milioni 20. Mwaka 2017 wakarudia, safari hii karibu dola milioni 24, tena ile tagi kali isiyomruhusu hata kuzungumza na timu nyingine.

Miaka miwili, karibu dola milioni 44, na bado hakuna aliyemwambia kama anatakiwa au hatakiwi. Julai 2017, mazungumzo ya kandarasi ndefu yalipogonga mwamba, rais wa timu Bruce Allen alitokea kueleza kwamba walikuwa wamempa ofa nzuri. Katika maelezo hayo akawa anamwita "Kurt". Jamaa amevaa jezi yenu miaka mitano, nyinyi bado mnakosea jina lake! Wahenga walishasema akufukuzaye hakwambii toka.

Wapo waliosema wakati ule kwamba Washington wamuuze kabla ya Machi 2018. San Francisco walikuwa wamempata kocha mpya, Kyle Shanahan, aliyefanya kazi na Cousins hukohuko Washington, na ilijulikana kote kwamba anamtamani. Washington hawakumuuza. Machi ikafika, Cousins akawa huru, akaenda Minnesota kwa miaka mitatu na dola milioni 84, zote za uhakika hata akiumia. Washington waliambulia nafasi moja ya fidia ya raundi ya tatu katika drafti ya mwaka uliofuata.

Sasa linganisha na New England. Wao walikuwa na Tom Brady, mwenye umri wa miaka 40, na nyuma yake kijana Jimmy Garoppolo, ambaye kandarasi yake ilikuwa inaisha Machi hiyohiyo ya 2018. Hawangeweza kuwalipa wote wawili kama wafalme. Mwishoni mwa Oktoba 2017 wakampeleka Garoppolo San Francisco kwa nafasi moja ya raundi ya pili. Kijana akacheza, akashinda mechi tano za mwisho za msimu, na kabla soko halijafunguliwa akatia sahihi kandarasi ya miaka mitano ya hadi dola milioni 137.5. Brady naye akabaki na kubeba taji jingine Februari 2019.

Kwa hiyo tuseme New England walikuwa waungwana na Washington wakatili? Hapana. Garoppolo pia hakupiga kura kuhusu alikopelekwa. Tofauti ni kwamba New England walijijibu kwanza swali gumu. Tunamtaka nani? Walipojua, hawakumzuia yule mwingine mlangoni. Washington hawakutaka kumlipa Cousins bei yake, hawakutaka kumwachilia, na hawakutaka kusema lolote kati ya hayo mawili. Wakanunua muda. Na muda walioununua haukuwa wao. Ulikuwa miaka miwili ya mwili wa mtu mwingine, katika kazi ambayo wengi huaga kabla ya kufika miaka thelathini.

Hapa ndipo ninapopata jibu la lile swali la unauza nini. Kandarasi ikiwa imebaki na miaka mitatu, timu ina kitu cha kuuza: kazi ambayo mchezaji mwenyewe aliahidi kuifanya. Kandarasi ikibaki na miezi mitatu, ahadi hiyo imekwisha kabisa. Timu inayonunua hailipii miezi hiyo. Inalipia nafasi ya kuketi na huyo mtu peke yake kabla wengine hawajaruhusiwa kubisha hodi. Yaani unauza uhuru wake kabla haujaiva. Ndiyo maana timu nyingi hazitoi bei ya maana bila kujua kwanza kama mchezaji atakubali kutia sahihi ya muda mrefu. Thamani yote iko kwenye kalamu yake. Na kama thamani iko kwenye kalamu yake, basi hata mfanyabiashara asiye na huruma anapaswa kuona kwamba huwezi kuifanya biashara hii kwa haki bila kumuuliza.

Utaniambia: aah, tumhurumie mtu mwenye dola milioni 44? Pingamizi hilo ni la haki, na mtu anayepanda matatu saa kumi na moja alfajiri ana kila sababu ya kulitoa. Cousins mwenyewe alifaidika na tagi hizo kuliko mchezaji yeyote wa wakati wake. Lakini tajiri mmoja aliyetoka salama hathibitishi kwamba daraja ni imara. Mtazame aliyekuja baada yake. Ili kuziba pengo, Washington walimchukua Alex Smith kutoka Kansas City. Novemba 18, 2018, dhidi ya Houston, mguu wake ukavunjika vibaya, ukaingia maambukizi, akafanyiwa upasuaji mara 17, nusura ukatwe. Alirudi uwanjani mwaka 2020, na watu wakalia kwa furaha. Smith alikuwa na kandarasi ndefu. Fikiria mguu ule ungekuwa wa mtu anayecheza mwaka wake wa tagi. Mwaka ambao timu inakwambia "subiri kidogo" ndio mwaka ambao hatari yote iko juu yako.

Na uaminifu je? Mashabiki hulipenda sana neno hili. Mchezaji akiondoka ni msaliti. Timu ikimwondoa ni biashara. Mizani gani hiyo?

Nenda kwa jina ambalo wengi hulipita haraka. Ili kumpata Smith, Washington walitoa nafasi ya raundi ya tatu pamoja na beki mwenye umri wa miaka 22, Kendall Fuller. Hakuna aliyemuuliza. Alienda Kansas City, na Februari 2020 akashinda Super Bowl, tena akanasa pasi ya wapinzani dakika za mwisho. Mwezi uliofuata kandarasi yake ikaisha. Akawa huru, pete kidoleni, na uhuru wa kwenda popote. Akachagua kurudi Washington, kwa timu ileile iliyomtoa kama nauli ya mtu mwingine.

Sijui aliwaza nini, na pesa bila shaka zilikuwepo, kama dola milioni 40 kwa miaka minne. Lakini kile kitu ambacho wasimamizi hukitafuta kwa tagi na mbinu, yaani mtu anayekaa kwa sababu ametaka kukaa, Washington walikipata kwa Fuller siku ambayo hawakuwa na kamba yoyote ya kumfunga. Anayezuiwa na tagi tunajua tu kwamba amezuiwa. Ni mlango ukiwa wazi ndipo utajua nani alikuwa mgeni na nani wa nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, timu imuuze kwotabeki wake kabla hajawa huru, ikiwa imeshaamua moyoni kwamba haitamlipa anachostahili, na ikiwa imemwita, ikamwambia hivyo usoni, ikamuuliza angependa kwenda wapi. Ikiwa inamtaka, impe kandarasi ya kweli. Na ikiwa bado haijui, imwache amalize na aende, ikubali hasara ya kutojua kwake. Kinachokosa uhalali ni ile njia ya nne: kumweka mtu barazani, humkaribishi ndani wala humfungulii lango.

Wewe unayesoma haya huenda hujawahi kuona mechi moja ya mchezo huu. Lakini barazani pale unapajua. Ni kandarasi ya miezi mitatu inayosainiwa upya mara ya sita. Ni bosi anayesema "tutaliangalia mwakani". Ni yule mpenzi ambaye mwaka wa tatu huu bado "tunaona vile itaenda". Anayekuweka hapo si lazima awe adui yako. Mara nyingi hajajua anachotaka, na anaona ni nafuu kukutumia wewe kama muda wa kufikiri. Hakudai mapenzi, wala hakudai kukuweka milele. Anadaiwa jibu, na deni la jibu halilipwi kwa mshahara wa mwaka mmoja, hata ukiwa mnono vipi.