Kinyonga Aliyejeruhiwa na Wajibu wa Mzazi

Watu wanapofyeka mashamba ya muhogo kandokando ya Nundu, huku Fizi mashariki mwa Kongo, au wanapochoma majani wakati wa kiangazi, wanaoumia kwanza ni viumbe wasioweza kukimbia. Kinyonga ni mmoja wao. Vinyonga wengine hukanyagwa na pikipiki kwenye barabara ya kitaifa namba 5, ile inayotoka Uvira kwenda Baraka, maana kinyonga akishaanza kuvuka hata honi haimharakishi. Mara mojamoja mtoto humkuta angali hai, mguu umevunjika au ubavu umechanika, akamleta nyumbani ndani ya kipande cha kitenge. Au hakumwokota, amempata kwa mwenzake kwa kubadilishana na gololi. Vyovyote vile, sasa yuko lupangoni, na watu wazima wanamkodolea mtoto macho kana kwamba ameleta balaa.

“Ulimtaka mwenyewe, mtunze mwenyewe.” Wazazi wengi hulisema hilo wakiamini wanamfunza mtoto kuwajibika. Mimi naona ni mzazi anayejivua mzigo wake. Mtoto wa miaka minane hajui kinyonga anakula nini. Akiachiwa peke yake atamwekea bugali, na mnyama atakufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Sehemu iliyo ngumu mtoto ameshaifanya: ameona maumivu ya kiumbe kinachoogopwa na hakuokota jiwe. Ujuzi, subira na uamuzi wa mwisho ni kazi ya aliyemzaa au anayemlea.

Hofu ishughulikiwe kabla ya kidonda. Sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kati kinyonga ana sifa mbaya, na wengi wetu tulikuzwa tukimkimbia. Hana sumu. Akishikwa hufoka na kupanua mdomo, na akiuma, anabana tu. Hata hivyo, mzee wa nyumba akisema hataki kumwona ndani, mtoto asifundishwe kumcheka. Aambiwe: “Mzee amekataa, basi atakaa nje.” Na nje ndiko kinyonga anakotakiwa kukaa, kwa hiyo heshima na matunzo hapo havigombani.

Atafutiwe kichaka kifupi, asije akaanguka kutoka juu, chenye vitawi vyembamba, kwa kuwa vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili yanayobana kama koleo. Mguu mmoja ukiharibika, bado ana mitatu na mkia wa kujishikizia. Mwili wake haujitengenezei joto, kwa hiyo jua la asubuhi limfikie, na kivuli kiwe karibu ajichagulie mwenyewe. Jua hilohilo huusaidia mwili kutumia kalisiamu, na mfupa uliovunjika unaihitaji. Maji hanywi kikombeni. Hulamba matone kwenye majani, basi mtoto anyunyize majani asubuhi na jioni. Macho yakibonyea ndani, ana kiu. Akiyafumba mchana, hali ni mbaya zaidi. Chakula chake ni wadudu walio hai, panzi na nzi na nyenje, wasiotoka kwenye bustani iliyopulizwa dawa.

Kidonda kisafishwe taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mawese, majivu, dawa ya meno na pombe viachwe jikoni. Mguu uliovunjika usifungwe uzi, maana uzi huzuia damu na mguu ukaoza. Mkia wake ukikatika hauoti tena, tofauti na wa mijusi wengi. Daktari wa mifugo akipatikana aulizwe, hata kama amezoea mbuzi na kuku. Kisha mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, kwa sababu reptilia hubeba vijidudu vya salmonela, na mtoto mchanga wa nyumba hiyo ndiye atakayeharishwa.

Linalomshinda mtoto kuliko yote ni kutomshika. Kinyonga huishi peke yake, na kwake kupapaswa ni kutishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2015 kwamba rangi yake hubadilika fuwele ndogo mno zilizo ndani ya ngozi zinaposogeleana au kuachana. Si kwamba anaiga tu jani alilokalia. Rangi yake hutegemea pia baridi, joto, hofu na ugomvi. Mtoto akilijua hilo ataketi hatua chache kando na kumsoma, na huko kuketi ndiko kunakomfunza kuliko kubeba.

Kuna watakaosema huu ni upuuzi wa watu walioshiba, usiofaa mahali palipopitia vita. Fizi imejua uasi tangu 1964. Katika vita vya 1996 watoto wa umri wa shule walibebeshwa bunduki wakaitwa kadogo. Familia nyingi zilivuka Ziwa Tanganyika zikaishia kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Na tangu 2015 Lusenda, humuhumu Fizi, ina kambi ya Warundi waliokimbia kwao. Nawajibu hivi: kuumiza kulikuwa na walimu, watu wazima waliotenga muda wao kuwaonyesha watoto namna ya kufanya. Kutibu nako kunadai walimu na muda. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ulioridhiwa na nchi yetu mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 29 kwamba elimu imjenge mtoto aheshimu mazingira ya asili. Kifungu hicho hakisemi nani atanyunyiza majani mama akiwa sokoni.

Kinyonga akifa, na wengi waliojeruhiwa hufa, mtoto asidanganywe kwamba ametoroka. Watoto wa huku wanakijua kifo, na uongo wa namna hiyo utawafunza tu kutomwamini mzazi siku ya msiba mkubwa zaidi. Kinyonga akipona, arudishwe kwenye vichaka alikotoka. Asiuzwe kwa mpita njia: vinyonga wengi wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, na kuwauza nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Kuna hali moja isiyongoja kupona. Kinyonga jike wa aina nyingi hutaga ardhini, katika shimo analochimba mwenyewe, na asipopata udongo mayai huweza kumkwama tumboni yakamuua. Jike mwenye tumbo lililojaa, anayeshuka chini mara kwa mara na kuparura, aachiwe mara moja penye udongo laini. Mtoto atalalamika kwamba kidonda hakijafunga. Ni kweli hakijafunga, na mzazi akubali hivyo mbele yake, amweleze habari ya mayai, kisha waende pamoja kumwachia.