Wimbo wa Kwetu na Ala ya Kigeni

Ukisimama kisimani katika nchi kavu ya Garissa wakati ngamia wanaponyweshwa, ewe msomaji, huenda ukawasikia wachungaji wakiimba. Ala hawana; sauti yawatosha. Je, wimbo huo ukitiwa ala ya kigeni, wabaki kuwa wao?

Wako wasemao kuwa huharibika. Mimi namkumbuka Abdullahi Qarshe. Alizaliwa Moshi mwaka 1924, mwana wa Wasomali, akakulia Aden. Huko alisikia redioni nyimbo za Waarabu na za Wahindi, bali za Kisomali hakuzisikia, na jambo hilo likamchoma. Akajifunza udi, chombo kile kile cha taarabu ya pwani yetu, akauimbia maneno ya Kisomali hata akaitwa baba wa muziki wa watu wake. Alifariki London mwaka 1994.

Wala hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1950 Dimitri Mitropoulos, Mgiriki aliyeongoza okestra kubwa ya New York, angaliweza kutosheka na kazi za Wajerumani. Lakini aliwapigisha wanamuziki wake ngoma za Kigiriki za Nikos Skalkottas, aliyekufa mwaka 1949 ilhali kazi zake nyingi hazijasikiwa. Okestra haikuzaliwa vijijini mwa Ugiriki. Nyingi za ngoma zile zilizaliwa huko.

Sikatai kwamba kitu hupotea: wimbo wa kisimani hufuata mwendo wa ndoo, na udi haujui ndoo. Lakini niambie: aliyeutia udi, na aliyeuacha usahauliwe kwa kuogopa kuuchafua, ni yupi aliyemkosea mchungaji?