Maneno Tunayojiambia Wenyewe

Wako watu wengi siku hizi ambao, kabla hawajavaa viatu asubuhi, hushika simu na kujisomea maneno ya kujitia moyo: kwamba wao ni hodari, kwamba hakuna wasiloliweza, kwamba mali iko njiani inawajia. Wengine hucheka jambo hilo. Sisi hatucheki, maana anayejisemea hivyo aghalabu ana vita moyoni mwake. Lakini yatupasa kuuliza: je, ni halali mtu kujiambia neno ambalo bado si kweli?

Desturi hii si ngeni. Huko Ufaransa alikuwako muuza dawa mmoja jina lake Émile Coué, aliyezaliwa katika mji wa Troyes mwaka 1857. Baadaye, katika mji wa Nancy, aliwapokea wagonjwa wengi, akawafundisha kujiambia kila asubuhi na kila jioni, mara 20, kwamba siku hata siku hali yao inazidi kuwa njema katika kila jambo. Ili wasipotewe na hesabu, aliwashauri wawe na kamba yenye mafundo 20. (Waliozoea rozari hawatastaajabu.) Sifa zake zilivuka bahari, na mwaka 1923 alikwenda Marekani, akapokewa na umati wa watu. Alifariki mwaka 1926, lakini kamba yake, kwa namna fulani, ingali mikononi mwa watu.

Basi, je, yafaa? Mwaka 2009 Joanne Wood, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, pamoja na wenzake wawili, walitoa habari za majaribio yao. Watu wenye kujidharau, walipoambiwa wajirudierudie kwamba wanastahili kupendwa, walizidi kuwa wanyonge kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakuambiwa kusema lolote. Waliofaidika, tena kidogo, ni wale waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo. Yaani dawa ilimfaa mzima, ikamdhuru mgonjwa.

Sisi twaona sababu yake si ya mbali. Moyo si mjinga. Ukiambiwa neno usilolisadiki, hujibu, na majibu yake ni makali. Anayejiambia "mimi si mlevi" hali chupa i chini ya kitanda, amejipa shahidi wa kumshitaki. Lakini akisema, "Leo jioni sitapita njia ya kilabuni, nitapita ya kisimani," hakudanganya. Neno lake ni ahadi, na ahadi haidai kwamba jambo limekwisha kuwa. Hiyo aweza kuirudia mara 20, au mara mia, na miguu yake ikaizoea.

Hayo aliyafahamu mmonaki Evagrio wa Ponto, aliyefariki katika jangwa la Misri mwaka 399. (Baadhi ya mafundisho yake mengine yalikataliwa baadaye, lakini katika jambo hili tumsikilize.) Alitunga kitabu chenye sehemu nane, kwa kadiri ya mawazo mabaya manane, kuanzia ulafi hata kiburi, na kila wazo alilitafutia neno la Maandiko la kulijibu. Hakuwafundisha wamonaki kujifanya kwamba wazo halipo. Kwa yule aliyelemewa na uchovu wa roho, alishauri aigawe nafsi yake sehemu mbili, moja ifariji na nyingine ikubali kufarijiwa.

Sasa tutazame nyumbani. Mtoto hasemi "mimi sina akili" kabla hajaambiwa "wewe huna akili". Baba amelitamka mara moja kwa hasira, akalisahau kabla ya chakula cha jioni. Mtoto atalirudia miaka 20, bila kamba wala mafundo. Huyo hawezi kuponywa kwa kuambiwa ghafula kwamba ni bingwa. Aambiwe lililo kweli: jana alikosa hesabu saba katika kumi, juzi alikosa nane, na leo atauliza pale anapokwama.

Hatuna neno baya juu ya darasa linaloimba kila asubuhi kwamba wote ni washindi. Ila yuko yule wa dawati la nyuma, ambaye daftari lake limerudi likiwa jekundu tupu, naye anaimba na wenzake midomo tu ikisogea. Huyo ndiye tunayemfikiria.