Kupima Kazi kwa Haki: Funzo kutoka Thika na Ruiru

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeweka mizani akatukataza kuipunja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu, wengi wetu tusikiapo makatazo ya Qurani juu ya vipimo hudhani kuwa yamhusu muuza mchele na pishi yake tu. Walakini Surat al-Mutaffifin yawaonya watu ambao wakipokea hutaka kutimiziwa, na wakitoa hupunguza. Basi mwenye kushika mshahara kamili akatoa nusu ya kazi, ana khofu gani iliyo pungufu ya muuza mchele? Na chama kikusanyacho michango ya Waislamu, kisha kisijue michango hiyo imemfaa nani, kitajibu nini siku ya hesabu?

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaona rundo la nafaka. Alitia mkono ndani yake, vidole vikakuta rutuba. Mwenye nafaka akatoa udhuru kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Kwa juu rundo lile lilikuwa kavu na zuri. Aliyelipima kwa macho angelisifu.

Katika zama zetu twauona mfano wa mkono huo katika kazi ya maji, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa shida ya maji. Mombasa huletewa maji kutoka Mzima, Marere na Baricho, na pamoja na hayo wako watu wetu wanunuao maji ya mkokoteni. Hebu basi tutazame bara, katika kaunti ya Kiambu, kwenye miji ya Thika na Ruiru iliyo kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Ruiru ilihesabiwa watu kiasi cha 239,000 mwaka 2009, na ilipofika hesabu ya 2019 walikuwa 490,000. Mji ukikua namna hiyo, kazi iliyotosha jana haitoshi leo, na asiyepima hatajua imeanza kupungua lini.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta bodi ya kusimamia makampuni ya maji ya Kenya, na sheria ya 2016 ikaiendeleza. Bodi hiyo hutoa taarifa inayoyapanga makampuni yote kwa daraja, na kila mtu aweza kuisoma. Vipimo vyake vikuu ni tisa. Miongoni mwavyo ni hivi: watu wangapi wafikiwa na maji, maji yatoka saa ngapi kwa siku, yana usafi gani, wateja wangapi wana mita, wafanyakazi ni wangapi kwa hesabu ya mabomba, na ankara ngapi zimelipwa. Kisha kuna maji yaliyopotea, yaani yaliyosafishwa yakatiwa bombani wala yasilipiwe, ama kwa bomba kuvuja, ama kwa wizi, ama kwa mita mbovu. Bodi yaona ni vyema upotevu usifike sehemu 20 katika 100. Katika miaka ya karibuni wastani wa nchi nzima umekuwa zaidi ya sehemu 40. Thika, na Ruiru pamoja na jirani yake Juja, zimekuwa mara nyingi miongoni mwa walio mbele katika daraja hizo.

Lililo na faida kwetu hapa ni namna ya kuuliza. Meneja aweza kusema mitambo imesukuma maji mengi mwaka huu, na akawa mkweli. Lakini mama aliyefungua mfereji haulizi kilichosukumwa, auliza kilichomfikia. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo rutuba iliyo chini ya rundo. Ikishajulikana ni kiasi gani na iko mtaa gani, fundi hujua pa kuchimba.

Wala tusidhani kuwa kipimo chenyewe hakiharibiki. Mwaka 2004 Serikali ya Kenya ilianza na mashirika 16 kutiliana nayo mikataba ya kazi, kila moja likiahidi malengo yake. Ni jambo jema, ila mwenye kujiwekea lengo jepesi hulivuka kwa urahisi akasifiwa. Wastani nao waficha: mji waweza kupata daraja ya juu, na mtaa mmoja wa mwisho wa bomba ukalala mkavu. Kwa hiyo kila kipimo chahitaji watu waaminifu, na chahitaji kuulizwa yule anayetumikiwa. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliandika mali za maliwali wake alipowatuma, na wakati wa hija akasikiliza mashtaka ya raia juu yao.

Sasa na tujitazame wenyewe. Siku ya sherehe ya madrasa twatangaza idadi ya watoto na gharama ya jengo. Ni wangapi waliomaliza miaka minne wakaweza kusoma ukurasa wa Msahafu wasioufundishwa, na kusali wakijua nguzo za sala? Katika Ramadhani twahesabu magunia ya mchele. Ni nyumba ngapi zilizopokea mwaka jana ambazo mwaka huu hazihitaji kupokea? Nyumba ya wakfu yakusanyiwa kodi, na dari yake yaanguka. Mtoto aliyepotezewa miaka minne hawezi kurudishiwa, na hiyo ni dhulma hata kama hakuna aliyeiba senti.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi twaziusia kamati zetu ziandike mwanzoni mwa mwaka mambo machache zinayoyataka yapatikane, si yale yatakayofanywa tu. Mwalimu wa madrasa nyingine na aje awasikilize watoto, kwani mtu hajipimii mwenyewe. Hesabu isomwe mbele ya waliochanga, baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na yaliyopungua. Na likionekana pungufu, swali la kwanza liwe tutalitengeneza vipi, kwa sababu mwalimu akijua atafedheheshwa ataweka nafaka kavu juu.

Umar alituusia tujihesabu kabla ya kuhesabiwa. Siku hiyo mizani haitakuwa mikononi mwetu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watimizaji wa vipimo, na uwafikishie waja wako haki zao kwa mikono yetu. Amin.