Hatima ya Mbwa Mgonjwa Asiyepona

Mbwa wa nyumbani anapougua miezi bila kupata nafuu, huleta swali ambalo ng'ombe na mbuzi hawalileti. Ng'ombe aliyevunjika mguu huwahiwa kwa kisu kabla hajawa kibudu, nyama ikagawanywa au ikauzwa, na shauri likaishia hapo. Mbwa haliwi. Kifo chake hakimpi mtu kitoweo wala fedha, kwa hiyo sababu ya kumuua haina faida ya kujifichia nyuma yake. Anauawa ili apumzike yeye, au ili wapumzike wanaomwangalia?

Kibaha na Kisarawe, upande wa magharibi wa Dar es Salaam katika Mkoa wa Pwani, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Kibaha, makao makuu ya mkoa, iko kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya jiji kwenye Barabara ya Morogoro. Kuanzia Maili Moja kuelekea Mlandizi viwanja vimejaa nyumba zilizozungushiwa ukuta na mabanda ya kuku wa mayai, na mageti mengi yana mbwa. Kisarawe, ng'ambo ya vilima vya Pugu, ni nchi ya muhogo na mikorosho, na mbwa wa huko hulala shambani kuwazuia ngedere na nguruwe pori. Kote kuwili mbwa ni mfanyakazi wa nje. Haingii sebuleni, hapakatwi, na chakula chake ni ugali kwa dagaa au ukoko wa pilau. Hata hivyo ana jina, Simba au Popi au Jeki, na watoto wa nyumba hiyo wamekua wakimwita.

Kabla ya dini na falsafa hutangulia tiba, kwa sababu mengi ya magonjwa yanayoitwa sugu katika ukanda huu ni magonjwa ambayo hayajatibiwa. Joto la pwani linawapenda kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba bakteria aitwaye Ehrlichia, na mbwa aliyeambukizwa hukonda, hupauka fizi, huvuja damu puani, kisha hujilaza kivulini siku nzima. Watu husema amezeeka. Doksisaiklini ya wiki nne, dawa ambayo wanadamu nao huitumia na maduka ya dawa huwa nayo, huwarudisha wengi ikiwahi. Uvimbe unaochuruzika damu kwenye sehemu za siri, ambao mbwa huambukizana wanapopandana, unatisha kwa sura na kwa harufu, na ni rahisi kwa mwenye nyumba kuamua kwamba mbwa huyo amekwisha. Kumbe ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri kuliko nyingi: sindano za vinkristini, moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi huumaliza. Ukurutu unaomnyonyoa manyoya nao una dawa.

Yapo pia yasiyo na marejeo. Figo zilizochakaa hazirudi. Saratani iliyokwisha kusambaa mapafuni, uti wa mgongo uliovunjwa na gari, na uzee uliokakamaza viungo hadi mbwa anajisaidia alipolala, yote haya hutulizwa tu, hayaponywi. Na kutuliza kwenyewe kunataka ujuzi. Diklofenaki na ibuprofeni za watu, ambazo mwenye huruma humpa mbwa ndani ya kipande cha nyama, huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, hata ikaonekana kwamba ugonjwa ndio uliozidi.

Kwa hiyo neno huruma lina masharti. Anayemuua mbwa mwenye homa ya kupe bila kumtafuta bwana mifugo ameusitiri uzembe kwa jina zuri. Asiye na uwezo wa kulipia tiba yuko katika hali nyingine, ambayo inastahili kusemwa bila kuionea haya: maumivu yasiyotibika kwa sababu ya umaskini yanamuuma mbwa sawasawa na yale yasiyotibika kwa sababu ya ugonjwa wenyewe.

Waislamu wengi wa Pwani, Wazaramo wa Kisarawe wakiwemo, hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na hapo ndipo mjadala wa dini unapokuwa mzito. Katika madhehebu hayo mate na unyevu wa mbwa ni najisi kubwa, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wapo wanaodhani hukumu hiyo inaondoa haki za mbwa. Haiondoi, maana ni hukumu ya tohara. Kurani, katika Sura ya al-Maida, inahalalisha windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, na katika Sura ya al-Kahf inamtaja mbwa aliyekaa na vijana wa pangoni. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinasimulia habari ya aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mbwa wa ulinzi, wa windo na wa shamba anaruhusiwa kufugwa, na hao ndio karibu mbwa wote wa Kibaha na Kisarawe. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, humhesabu mbwa wa namna hiyo kuwa kiumbe ambacho uhai wake una heshima, kiasi kwamba maji yakiwa machache na mbwa akiwa na kiu, mwenyewe hutayamamu, yaani hujitwaharisha kwa udongo, ili maji abakiziwe mbwa. Hatua hiyo si ndogo: ibada ya mtu inabadilishwa namna yake kwa ajili ya koo la mbwa.

Lakini heshima hiyohiyo ndiyo inayofunga njia. Vitabu vya Kishafi vya karne za baadaye vinaharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kama nia ni kumpumzisha, na mfano wanaoutoa ni punda aliyelemaa kwa ugonjwa wa kudumu. Wamaliki, wa madhehebu mengine, hawakukubaliana nao: Khalil bin Is-haq, ambaye Mukhtasari wake ndio mhimili wa fiqhi ya Kimaliki, anaruhusu kumchinja asiyeliwa iwapo amekatiwa tamaa. Wahanafi, wa madhehebu ya tatu, nao wameandika kwamba punda mgonjwa asiye na manufaa tena hapana ubaya kumchinja.

Msimamo wa Kishafi hauna ukatili ndani yake. Unatokana na fikra kwamba mwenye mnyama anamiliki manufaa yake, uhai wake hapana. Uhai ni wa Mwenyezi Mungu, na ruhusa ya kuukata imetolewa kwa sababu maalumu, chakula ikiwa ya kwanza, pamoja na kujikinga na madhara ya mbwa mkali anayeuma watu. Anayesema kifo ni bora kwa mbwa huyu kuliko uhai anadai kuujua upande ambao hajauona. Tena katazo hilo linawajua watu. Aliyechoka kufua matambara, kufukuza nzi na kuamka usiku kwa mlio wa mbwa ana sababu zake za kuona kwamba mnyama ndiye anayeteseka mno, na katazo humlazimisha angoje hadi uchovu wake utengane na hukumu yake.

Udhaifu wa msimamo huo uko mahali pengine. Kumwachia Mungu kunaeleweka kwa mnyama aliyeachiwa Mungu kweli, kama mbwa mwitu anayejitenga akaugua na kufa kwa siku chache. Mbwa wa geti yuko kwenye mnyororo. Analetewa maji hadi mdomoni, ananyweshwa uji kwa bomba la sindano, anageuzwa ubavu ili asipate vidonda vya kulala. Uhai wake wa mwezi huu umetengenezwa na mikono ya watu, na watu hao hawawezi tena kusema kwamba hawakuingilia. Ukweli huu unatosha kuipa nguvu kauli ya Wamaliki na Wahanafi, na wanazuoni wengi wa siku hizi huielekea, wakishurutisha kwamba mtaalamu aaminikaye athibitishe ugonjwa hauponi, maumivu yawe ya kweli, na njia isiwe ya kutesa. Sharti la mwisho lina mzizi katika hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Muslim, inayoamrisha wema hata katika kuua. Mshafi anayeona uzito kuivuka kauli ya madhehebu yake ana njia ya kati: kuacha kumlazimisha mbwa chakula na dawa zisizomfaa, kumtuliza maumivu, na kumwacha afe kwa muda wake. Njia hiyo ni halali na ina heshima, ilimradi dawa ya maumivu ipo. Bila dawa hiyo, inabaki kuwa kungoja tu.

Upande wa Wakristo, Walutheri wa Kisarawe na Maneromango, ambako misheni iliingia katika miaka ya 1890, na Wakatoliki wa Kibaha hawana katazo la namna hiyo. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinaihesabu huruma kwa mnyama kuwa dalili ya mtu mwadilifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika kifungu cha 2418, inakataa kuwatesa au kuwaua wanyama bila haja, kisha inaongeza kwamba haistahili kuwatumia fedha ambazo zingetangulia kuondoa dhiki za watu. Kwa mama mwenye ada ya shule mkononi na mbwa mgonjwa uani, sehemu ya pili ya kifungu hicho si nadharia.

Falsafa ya Ulaya iliwahi kumjadili mbwa huyuhuyu. Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili, alimtaja mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu hadi akazeeka. Kwa Kant, anayemuua mbwa huyo kwa sababu hana kazi tena hamdhulumu mbwa, bali anauharibu ubinadamu wake mwenyewe. Wazee wengi wa Kisarawe wangekubali neno hilo, wakisema tu kwamba mtu huyo hana utu. Lakini hoja hiyo inamfanya mbwa kuwa kioo cha mtu. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliuhamishia uzito kwa mnyama: la kuulizwa ni kama anaweza kuteseka. Tanzania imeegemea huko. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia na inamtia hatiani anayemsababishia mateso yasiyo ya lazima. Anayemwacha mbwa aoze akiwa hai nyuma ya banda, kwa hoja kwamba hakumgusa, hapati kinga katika sheria hiyo.

Swali la nani aamue halizungumzwi sana, ingawa Kibaha ndilo gumu kuliko yote. Mwenye nyumba mara nyingi anaishi mjini na huja mwisho wa wiki. Mlinzi ndiye anayempikia mbwa, anayemtoa kupe kwa vidole, na anayejua kwamba juzi alisimama peke yake na jana hakuweza. Mwenye fedha na kauli hajui hali, na mwenye kujua hali hana kauli. Amri ikija kwa simu, huja aidha mapema mno, kwa hesabu ya gharama, au imechelewa, kwa sababu bosi amekuta mbwa anatikisa mkia Jumamosi akaridhika. Wakati wa kupima hali ya mbwa, ushahidi wa anayemlisha unapaswa kuzidi wa anayemmiliki.

Kipimo kipo. Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mwaka 2004 orodha ya mambo saba ya kupewa alama kutoka 0 hadi 10: maumivu, chakula, maji, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35, kumtunza kunaendelea kuwa na maana. Alama hizo ni makadirio, ila faida yake ni kwamba zinaandikwa kila siku kwenye daftari, na mlinzi na bosi wakasoma ukurasa mmoja. Katika nyumba ya Kiislamu usafi hubeba uzito zaidi ya ule aliouwazia daktari huyo, kwani mbwa asiyeweza kujiondoa alipojichafua huwafanya wanaomhudumia wajioshe na kubadili nguo kabla ya kila swala.

Uamuzi ukifikiwa, njia ndiyo inayoonyesha kama huruma ilikuwepo. Rungu, kamba, na dawa ya mashambani iliyofichwa kwenye nyama humuua mbwa kwa hofu na degedege, wakati mwingine kwa saa nzima. Daktari wa mifugo humtuliza kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha huchoma pentobabitali mshipani: fahamu hupotea, pumzi hukoma, moyo husimama, yote ndani ya dakika chache. Dawa hii hudhibitiwa na haikai kwenye duka la pembejeo, hivyo hupangwa mapema kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya.

Mbwa aliyemuuma mtu ana utaratibu wake. Kama hana dalili za kichaa cha mbwa, asiuawe haraka hata akiwa mgonjwa wa siku nyingi. Huwekwa chini ya uangalizi siku 10, huku aliyeumwa akioshwa jeraha kwa sabuni na maji mengi na kuwahishwa hospitali kwa chanjo bila kungoja siku hizo ziishe. Akilazimika kuuawa, kichwa kisipigwe, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa maabara.

Mzoga wa mbwa aliyechomwa pentobabitali hautupwi jalalani wala porini, maana dawa hubaki mwilini na kuwaua mbwa wengine, fisi na ndege walao mizoga. Huzikwa katika shimo refu, mbali na kisima, na udongo hushindiliwa ili usifukuliwe.