Shule Isiyo na Ua

Alama ya kijiji si lazima iwe mnara au boma. Kijiji huweza kujulikana kwa kisima chake, au kwa mti ambao wazee huketi chini yake. Kwamsisi, kijiji cha wilaya ya Handeni katika nchi ya Wazigua, kilijulikana kwa shule yake. Mwaka 1971 Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilianza huko jaribio lililotokana na maneno ya Mwalimu Julius Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: ya kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, wala isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari, na shule isitengwe na watu wanaoizunguka.

Basi shule na kijiji vikatakiwa kuwa kitu kimoja. Shamba lihesabiwe kuwa darasa, maisha ya kila siku yawe somo, na mtu mzima aingie shuleni kama aingiavyo barazani. Ni fikra njema, na asiyeuona wema wake hajapata kuwafikiria watoto walio wengi. Katika miaka ile waliomaliza darasa la saba nchini walikuwa maelfu kwa maelfu, na waliopata nafasi katika sekondari za serikali walikuwa wachache. Shule imwandaayo mtoto kwa mtihani peke yake humpa mmoja ufunguo, na wengine huwapa aibu. Aibu hiyo ni dhuluma, ingawa hakuna ashtakiwaye kwayo.

Lakini iko dhuluma ya pili, nayo ni nyepesi kufichika. Mzazi wa Handeni, ajuaye mahindi yanavyokauka mvua isipokuja, aliweza kuuliza: hao wanaomhimiza mwanangu alipende jembe, watoto wao wanasoma wapi? Wako waliodhani kwamba swali hili ni la uchoyo au la ujinga. Si hivyo. Mtihani wa darasa la saba haukufutwa. Ulibaki mlango wa kuingilia sekondari kwa mtoto wa shamba na wa mjini sawasawa. Kumwambia mmoja asiutazame sana mlango huo, na mwingine akaachwa autazame apendavyo, hakuwezi kuitwa usawa hata kukipambwa kwa maneno mazuri. Kujitoa kwa hiari ni sifa. Kumtoa mtoto wa mwingine ni jambo la kuulizwa mara mbili.

Haki ingalitaka jaribio lianze pia katika shule walimosoma watoto wa wakubwa. Lilianza Kwamsisi, na baadaye mfano wake ukapelekwa katika shule nyingine. Mtoto wa huko akawa na jembe begani na daftari kwapani, akiambiwa kwamba jembe ndilo kubwa, na huku akiona kwa macho yake kwamba vyeo hugawiwa kwa daftari.